Pumzi Ndani ya Bomba

Haya yalimpata Elisée, mtu wa Bukavu, aliyehamia Buffalo, Marekani, na mkewe Gracieuse. Kazi yake ilikuwa kusikiliza ardhi. Mabomba ya maji moto yanayopasha nyumba joto hupita chini ya barabara. Yamezeeka, na yanapovuja huoni kitu. Elisée alivaa hedfoni, akaweka chombo chake juu ya lami, akatafuta mlio wa maji yanayotoroka.

Siku hiyo, katika mtaa wa Lower West Side, kulikuwa na jua na theluji safi. Jules, mwenzake, alimkumbusha asikosee. Kuchimba barabara ni gharama kubwa, na mara mbili walikuwa wamechimba wakakuta bomba zima. Msimamizi alishasema, kosa jingine na Elisée akatafute kazi ya ghala.

Mbele ya jengo moja kuukuu, akasikia kitu. Haukuwa mlio wa maji. Ilikuwa pumzi. Inaingia, inatoka, taratibu, kama ya mtu aliyelala.

Akampa Jules hedfoni. Jules akasikiliza, akasema ni maji, tena mengi, akapiga simu mashine ya kuchimba ije.

Elisée akazivaa tena. Pumzi ilikuwa imekoma. Aliyelala alikuwa ameamka.

Kisha ikaja sauti ya mwanamke, karibu mno. Ilimwita kwa jina la utotoni, jina ambalo marehemu mama yake peke yake alilitumia, kisha ikasema:

"Mwanangu, usifungue."

Akazivua hedfoni.

"Jules, tuache hapa," akanong'ona.

"Bon, mashine nimeshaita. Iko njiani."

Wakachimba. Bomba lilikuwa kavu. Baridi kama jiwe. Lilikuwa limekatwa pande zote mbili zamani, halikuunganishwa na kitu chochote, na ndani yake hamkuwa na hata tone. Elisée aliinama kuchungulia. Hewa ya moto ikatoka, nyeupe, ikampita shavuni. Wengine hawakuona kitu.

Msimamizi akaagiza shimo lifukiwe. Jioni hiyohiyo akamwachisha Elisée kazi.

Nyumbani, Gracieuse alimtazama mumewe, akarudi nyuma. Sikio la kulia lilikuwa limevimba na kujaa malengelenge. Akampeleka hospitali. Daktari alimulika, akamulika tena. Akauliza kama alikuwa amesimama karibu na mvuke. Elisée akasema bomba lilikuwa baridi na kavu.

Daktari akazima taa yake.

"Ni mvuke," akasema polepole. "Lakini haukuingia kutoka nje. Sikio limeungua kuanzia ndani, mvuke ukitoka."