Matone ya Paa la Kanisa

Kila Ijumaa nilikuwa nawaokea vijana wa wiski mikate sita ya magadi, naifunga kwenye kitambaa, nawapelekea kanisani. Kanisani nasema mimi. Wao wanasema kiwandani. Askofu alishaliondolea utakatifu wake akauza jengo, na Cathal, mjukuu wa jirani yangu, akasimamisha mtambo wa shaba wa kuchemshia wiski pale pale ilipokuwa altare. Mabenchi ya waumini sasa yanakaliwa na walaji wa mgahawa wake.

Jioni ile ya Novemba mvua ilikuwa ya manyunyu. Saa kumi na moja, giza tayari, ndivyo majira ya baridi yalivyo huku kwetu.

"Bibi Sabina! Nikadhani umetoroka kwenda kuolewa," Cathal akanitania.

"Na nani, wewe? Huna hata koti la maana."

Akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Alikuwa anapanga chaza wa pwani ya Galway juu ya barafu. Barafu yenyewe wanaijaza kwenye beseni la ubatizo.

"Njoo uone kitu, Bibi," akanong'ona.

Akanipeleka kwenye banda la mapipa, alilolibandika nje ya ukuta wa kaskazini. Akagonga pipa la kwanza. Tupu. La pili. Tupu.

"Wiski hupungua kidogo pipani kila mwaka, tunasema ni fungu la malaika. Lakini haya yana miezi mitatu tu, na hayavuji. Malaika gani hawa walevi?"

Nikaweka kiganja ukutani.

Ukuta ule naujua. Mwaka sitini na moja nilijifungua mtoto wa kiume, akafa kabla padri hajafika na maji ya ubatizo. Asiyebatizwa hakuzikwa makaburini pamoja na wengine. Mume wangu Dara alimviringisha kwenye fulana yake, akatoka naye kimyakimya, akarudi na udongo kwenye kucha.

"Ukuta wa kaskazini," akaniambia. "Chini ya paa kabisa. Mvua ikinyesha, matone ya kanisa yatamwangukia, yawe ndiyo ubatizo wake."

Miaka sitini, kila mvua iliponyesha, nililala vizuri.

Kisha Cathal akajenga banda lake, matone yakakoma. Niliona wakipiga nguzo. Nikanyamaza. Ningesema nini? Padri alisema mtoto yule asitajwe, nami sikuwahi kumtaja.

Mlango wa mbele ukalia. Wageni. Cathal akaniacha peke yangu.

Ndipo nikasikia.

Chwi... chwi... chwi...

Nyuma ya pipa. Chini. Kama mtoto anayenyonya ziwa lisilo na kitu.

Na harufu ya wiski ikaondoka. Ikaja harufu ya utosi wa kichanga... Ukishaijua huisahau.

Nikarudi mbio mbio, mbio za kizee, hadi kwenye beseni. Nikachota maji ya barafu kwa viganja, yakanivujia njiani, yakabaki matone. Nikayamimina sakafuni, ukutani. Maneno nayajua, Mkristo yeyote anaruhusiwa kubatiza mtoto akiwa hatarini.

"Oran," nikanong'ona. Mara ya kwanza kulitamka jina nililompa moyoni. "Oran, nakubatiza..."

Ile chwi ikakoma.

Kitu kidogo, baridi, kikaegemea kifundo cha mguu wangu.

Nikalia kwa furaha, Mungu anisamehe.

Kisha kingine kikaegemea mguu wa pili.

Kisha kingine.

Na kingine...

Dara aliniambia habari za wetu tu. Lakini nyumba gani parokia hii haikuwa na kichanga chake kilichozikwa hivyo? Na baba gani hakuyajua matone yale? Niliita jina moja, wakageuka wote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa.

"Bibi?" Cathal alikuwa mlangoni. "Umemwagikiwa?"

Nikajitazama. Blauzi ilikuwa imelowa kifuani, duara mbili. Nikagusa, nikanusa.

Hayakuwa maji.

Nina miaka themanini na miwili.

Tangu siku hiyo mapipa hayapungui. Cathal anasema aligundua ufa, akauziba, ananiletea chupa kila Krismasi. Siigusi. Mkate siwaokei tena, mikono haina nguvu, na nimekonda mpaka daktari anauliza maswali.

Jioni ikiingia nazima taa na kufungua vifungo vya blauzi. Wanakuja mmoja mmoja, baridi, wanapokezana mpaka alfajiri.

Nawapapasa vichwa gizani. Sijui yupi ni wangu.