Msemaji wa Tatu

Msiniambie ni uzushi. Hili kanihadithia mwenyewe Sheikha, shoga yangu wa Tottenham. Anaishi peke yake, na kazi yake anaifanyia nyumbani: anapokea simu za wateja wa duka la fanicha. Kila simu ikiisha, akili mnemba huisikiliza upya na kuandika nani kasema nini, na kama ameridhika.

Siku hiyo, saa kumi na moja jioni, kiza cha baridi kishaingia, alifungua ripoti ya mteja aliyecheleweshewa kitanda. Ripoti ilitaja wasemaji watatu. Wa tatu alisema neno moja tu: "Hodi."

"Nikajua mashine imekosea," akaniambia. Akairudisha rekodi. Akasikia mvua dirishani na mteja akilalamika. Halafu, kama iko sikioni mwake, sauti ya chini: "Hodi." Na yeye mwenyewe Sheikha, kwa mazoea tu kama tulivyolelewa, anaitikia humo humo kwenye rekodi: "Karibu, pita ndani."

Hakumbuki kuitikia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Akaitazama tena ripoti, pale penye hisia. Mteja: amekasirika. Sheikha: ametulia. Wa tatu: ameridhika.