Maharage Yaliyowahi Kuliko Ndege

Kuna jambo moja bado linanishinda. Mtwara ni mbali, au ni karibu?

Kwa basi ni mbali. Unapanda Songea jogoo akiwika, unashuka Mtwara kuku wamelala.

Kwa ndege ni karibu. Unapaa, unakunywa juisi, unatua.

Na kama mama yako yuko huko? Hapo sijui kabisa. Rozina naye hakujua.

Rozina aliishi Songea, karibu na uwanja wa ndege. Mama yake alikuwa Mtwara. Alikwenda kumsaidia Mama Mdogo, aliyejifungua mtoto.

Leo Mama anarudi! Simu ililia. Kriii! Kriii!

"Naingia kwenye ndege, mwanangu. Sasa nazima simu."

"Baba," aliuliza Rozina, "ndege itakawia kiasi gani?"

Baba alikuwa anabandika chungu jikoni. "Kiasi cha kuivisha maharage," alisema. "Yakiiva tu, utamsikia Mama juu ya bati letu."

Rozina akakaa karibu na jiko. Akakiimbia chungu.

*Tokota, tokota, maharage.*
*Njoo, njoo, Mama.*

Baba akaongeza maji. Rozina akapepea mkaa. Pepe, pepe, pepe.

*Tokota, tokota, maharage.*
*Njoo, njoo, Mama.*

Baba akabonyeza harage moja. Likapondeka. "Yameiva," akasema.

Rozina akatazama juu. Kimya. Hakuna ndege. Hakuna Mama.

"Mpigie, Baba!"

Baba akapiga. Simu ya Mama bado ilikuwa imezimwa.

Rozina akaanza kulia. "Mama amepotea angani!"

Baba akakuna kichwa.

"Hodi!" Alikuwa jirani yao, Mama Severini. "Mbona mtoto ana uso wa mvua?"

"Maharage yameiva, na Mama hajafika!"

Mama Severini akafunua chungu. Akaonja moja. Akaanza kucheka.

"Si haya niliyowaletea juzi kutoka shambani? Haya ni mapya! Maharage mapya huiva upesi. Ya mwaka jana ndiyo huchelewa."

Akamgeukia Baba. "Baba Rozina! Mtu mzima wa Songea, hujui maharage?"

"Nilijua," alisema Baba polepole. "Leo nimesahau."

Mama Severini akampangusa Rozina machozi. "Ndege haijachelewa, mwanangu. Maharage ndiyo yamewahi."

Rozina akavuta pumzi. Akaimba tena, kwa sauti ndogo.

*Tulia, tulia, maharage.*
*Njoo, njoo, Mama.*

Ngu... nguu... NGUUUU!

Bati likatetemeka. Rozina akatoka mbio. Ndege! Tumbo lake jeupe likapita juu ya nyumba, likashuka polepole kuelekea uwanjani.

Baadaye kidogo, bajaji ikasimama mlangoni. Pi pi!

"Mama!"

Mama akamkumbatia. Akamtazama machoni. "Nani alikuwa analia hapa?"

"Baba," alisema Rozina.

Baba akacheka mpaka akakaa chini.

Usiku wakala wote, na Mama Severini pia. Mama akala sahani mbili. Kisha akajinyoosha kidogo kwenye kitanda cha Rozina. Kidogo tu. Akasinzia. Hrrr... fyuu. Hrrr... fyuu.

"Tumwamshe?" alinong'ona Baba.

Rozina akafikiri. "Hapana. Alale hapahapa, na mimi."

Basi ikaamuliwa hivyo. Rozina akamvua Mama viatu, akamfunika shuka, akajipenyeza kando yake.

Baba akazima taa.