Makala Nane za Jumamosi Moja

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alikwenda moja kwa moja kwenye duka la mama yake mdogo. Aliweka mkoba chini ya meza, akafagia vipande vya karatasi karibu na mashine ya kutoa nakala, kisha akawapokea wateja waliokuja kuchapiwa barua. Jina la Chiriku alipewa nyumbani, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Tangu akiwa darasa la pili alishika mwiko kama kipaza sauti na kuwatangazia waliomo jikoni habari za nyumba nzima, zikiwemo zile ambazo mama yake asingependa majirani wazisikie.

Mwanzoni mwa muhula, tangazo lilibandikwa shuleni. Kituo cha redio cha mjini kilitafuta wanafunzi wawili wa kushiriki kipindi cha watoto wakati wa likizo. Kila mwombaji alitakiwa awe na blogu yake mwenyewe na aandike humo makala moja kila wiki, kwa wiki nane. Mama mdogo alifurahi kuliko hata Chiriku. Alikuwa amewachapia barua vijana wengi wanaoomba kazi redioni na magazetini, na aliona kwamba siku hizi waajiri hawaridhiki na cheti peke yake, wanauliza pia mtu ameandika nini. Siku hiyohiyo alimsaidia kufungua blogu katika moja ya kompyuta zake mbili.

Wiki ya kwanza Chiriku alichagua rangi ya blogu. Wiki ya pili akaibadilisha. Wiki ya tatu aliandika kichwa cha makala, akakisoma kwa sauti, akakifuta. Kila alipoulizwa alijibu kwamba ataanza kesho, na kesho ilipofika ilikuwa na kesho yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la Chiriku lilianza kuuma wiki ya nane, zilipobaki siku mbili tu.

Jumamosi hiyo alichukua daftari akazunguka mtaa mzima. Alizungumza na fundi saa, dereva wa gari la taka, mkunga, fundi viatu, na wengine wanne. Fundi viatu ndiye aliyempa muda mrefu zaidi. Alimwonyesha jinsi ya kupaka uzi nta ili usikatike upesi, na mfuko mkubwa wa njumu za timu ya mpira ya shule uliokuwa ukisubiri sindano yake. Kufikia jioni makala nane zilikuwa tayari, tena nzuri kwelikweli. Kasoro ilikuwa moja tu: zote zilikuwa za siku ileile.

Ndipo akaona kidirisha kidogo cha tarehe pembeni mwa makala. Alikibonyeza, na kompyuta haikumkatalia. Makala moja akairudisha nyuma wiki moja, nyingine wiki mbili, mpaka wiki nane zikajaa. Ya fundi viatu iliangukia tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita. Ilianza hivi: "Leo nimemkuta fundi viatu kibandani kwake, akicheka na kushona." Chiriku hakuona amemdhuru nani. Aliona tarehe ni namba tu, kama namba nyingine.

Jumatano mtayarishaji wa kipindi alipiga simu dukani kusema Chiriku ni mmoja wa wanne walioitwa kwenye usaili. Siku hiyohiyo mwalimu wa lugha alichapisha makala ya fundi viatu pamoja na tarehe yake, akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Wakati wa mapumziko Chiriku alipita mbele ya ubao huo mara tatu, ingawa darasa lake lilikuwa upande mwingine.

Alhamisi, akitoka shule, alimkuta fundi viatu amekaa mikono mitupu. Mfuko wa njumu haukuwepo. Chiriku alimwamkia, akauliza kulikoni, na fundi akamweleza polepole. Tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita, siku ya mechi, njumu zilikuwa zimefungiwa kibandani, naye yuko kwa dada yake akiugua homa kali. Wachezaji waliazima viatu, wakafungwa. Alipopona alikwenda kuomba radhi, na mwalimu wa michezo akamwelewa. Lakini asubuhi hii mwalimu alikuja kwa hasira, akachukua njumu zote, akasema hakutarajia mtu mzima amdanganye.

"Nilimwambia sikuwepo," fundi alisema. "Akanijibu kwamba imeandikwa ubaoni. Sasa neno langu na maandishi, watu wataamini lipi?"

Chiriku aliinama, akachezea kamba ya mkoba wake.

"Ninavyokumbuka, mwanangu, tuliongea Jumamosi hii iliyopita," fundi aliendelea. "Au kuna siku nyingine ulikuja, homa ikanisahaulisha?"

Kumbe mtu huyu alikuwa tayari kuishuku akili yake kuliko kumshuku Chiriku.

"Ni Jumamosi, fundi. Ile tarehe niliiweka mimi."

Fundi alimtazama, kisha akatazama mahali mfuko ulipokuwa. Hakumgombeza, na Chiriku alitamani angemgombeza. Alisema tu, "Basi kamwambie mwalimu. Mimi nimesema, sikusikilizwa."

Dukani, Chiriku alimwaga yote. Mama mdogo alizima mashine ili asikie vizuri. Usaili ulikuwa keshokutwa, na Chiriku alijua kwamba tarehe moja ikisahihishwa, nyingine saba zitafuata.

"Nikisema kompyuta ilikosea?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kompyuta hii nimekaa nayo miaka sita," mama mdogo alijibu. "Haijawahi kuchagua tarehe yenyewe."

Ijumaa asubuhi Chiriku alimwendea mwalimu wa michezo, akamweleza kila kitu. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakiri kwamba yeye pia alikosea, maana alikwenda kwa fundi na jibu mkononi badala ya kuuliza. Baada ya masomo walirudisha mfuko pamoja, kila mmoja ameshika upande, na mwalimu akamwomba fundi radhi mbele ya wateja wake. Fundi alitoa njumu moja, akaikagua soli, akaanza kazi.

Chiriku alirudi dukani, akazirudisha makala zote nane kwenye Jumamosi yake ya kweli, na juu kabisa akaandika alichokifanya. Kisha akampigia mtayarishaji.

Mtayarishaji alimwacha amalize, akauliza ni nani aliyemgundua.

"Hakuna. Fundi viatu alinyang'anywa kazi kwa sababu yangu."

"Likizo hii siwezi kukuchukua," mtayarishaji alisema hatimaye. "Sharti ni wiki nane, na wenzako wamelitimiza. Ila nisikilize, mwanangu. Msikilizaji wa redio hatuoni. Hajui kama tulifika mahali au tulikaa ofisini. Ana neno letu tu, na kwa neno hilo anaamua amwamini nani mtaani kwake. Kuandika tunaweza kukufundisha hapa. Kuaminika utakuja nako mwenyewe. Likizo ijayo nitatafuta wengine wawili."

Chiriku alilia nyuma ya mashine ya nakala, na mama mdogo akamwacha alie. Aliponyamaza, alimpa kitambaa cha kujifutia uso.

"Kuteleza si kuanguka," mama mdogo alisema. "Ulitaka matunda ya wiki nane kwa jasho la siku moja, na aliyelipa ni mtu mwingine. Umeona?"

"Nimeona, mama mdogo."

"Basi wiki nane nyingine zinaanza lini?"

Chiriku alifungua mdomo aseme kesho. Akaufunga. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akaandika: "Leo nimesaidia kumrudishia fundi viatu mfuko wa njumu. Ni mzito kuliko nilivyodhani." Tarehe aliiacha kama ilivyokuwa.