Waya Uliochomolewa

Walikutana kwenye ngazi za jengo la mafundi, watu wakipigana vikumbo. Mshonaji alikuwa kavaa gauni la njano alilolishona mwenyewe, kakumbatia kompyuta ya mezani kama mtoto mgonjwa.

“Dada, nikupokee?”

“Mikono yako siijui.”

“Mimi ni fundi kompyuta.”

“Ndiyo maana.”

Fundi akacheka, akamfuata hadi juu. Jioni kompyuta ilikuwa imepona, na namba za simu walishapeana.

Mapenzi yakakolea. Fundi akamwekea programu ya kutuma nakala ya kila kitu, kila mchana, kwenye seva ya mbali aliyoisimamia ofisini kwao.

“Hii ikifa, mpenzi, sauti ya mama yako haipotei.”

Rekodi za marehemu mama ndizo zilizokuwa roho ya mshonaji. Akakubali. Baadaye hata picha za matembezi yao alizihamishia kwenye kompyuta hiyo, maana simu yake ilishajaa.

Lakini kila mchana taa ya modemu ya intaneti ilipepesa, naye hajagusa kitu. Vitu vyangu vinakwenda wapi hasa? Nani anavifungua? Wiki ya pili tu tangu programu iwekwe, akaanza kuchomoa waya wa modemu kila mchana, kimya kimya.

Kule ofisini, fundi akaona nakala zinakatika kila mchana. Naye akaingiwa na shaka yake. Akapiga simu.

“Malkia, mchana huwa unakuwa na nani?”

“Kwa nini?”

“Kuna mtu anazima mtandao.”

“Kumbe unanichunguza!”

“Nauliza tu, kipenzi.”

“Kipenzi mwambie huyo unayemwonyesha vitu vyangu!”

Akakata. Mwezi mzima hawakusemezana. Wajinga wote wawili, na mateso waliyataka wenyewe.

Kisha diski ya kompyuta ya mshonaji ikafa. Mshonaji akaenda ofisini kwa fundi, macho mekundu.

“Ni mimi niliyekuwa nachomoa waya. Nilidhani unanipekua. Mama ndio kapotea, sivyo?”

Fundi alifungua seva mbele yake, akamvisha hedifoni. Mama akasikika akimgombeza kwa kuunguza maziwa. Mshonaji akalia bila kujificha.

“Nakala ya kwanza ilikamilika kabla hujaanza vituko vyako,” fundi alisema. “Mama yupo kamili.”

“Na picha zetu?”

“Hizo zilikuja baadaye. Sisi ndio hatupo.”

Mshonaji alivua hedifoni.

“Basi nioe, tupige picha nyingine. Ila nakala nitatuma mwenyewe.”