Ndoo Zilizomwagwa Mlimani

Mshale wa geji ya joto ulikuwa umegusa wekundu kabla hawajafika nusu ya mlima. Hamudi aliuona, akajifanya hakuuona, akashusha gia. Nyuma ya pikapu kulikuwa na magunia ya sukari na katoni za sabuni za duka lake la Newala. Mbele walibanana watatu: yeye kwenye usukani, Veridiana, jirani yake, katikati, na Gervas, shemeji yake Veridiana, dirishani. Walitoka Masasi asubuhi. Kalavati, daraja dogo la barabara kuu, lilikuwa limebomoka, wakaamua kukata njia ya zamani, ile inayoparamia genge moja kwa moja kupitia porini. Magari yalikuwa yameisahau.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Ujapani. Hamudi alilipenda gari lake. Alilifuta vumbi kila jioni kwa mkono wake mwenyewe. Kitu ambacho hakukijali sana ni kile kinachozunguka ndani ya injini bila kuonekana. Gari lilikuja na kulanti nyekundu, maji ya dawa ya kupoza injini, kwenye rejeta. Ilipopungua akaongeza ya kijani aliyoikuta sokoni, na ilipokwisha hiyo, akaongeza maji ya kisima yenye chumvi. Gari likaendelea kutembea, naye akaona mambo ni sawa.

Sasa mvuke ulifumuka chini ya boneti. Injini ikagonga, ikazimika. Kimya cha pori kikawazunguka.

"Baba Anifa, usifungue kwanza," Veridiana alimwambia Hamudi. "Acha lipoe."

Lakini Hamudi alishafunika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akakizungusha. Maji yaliyochemka yaliruka kama yametumwa. Yalimpata mkono wa kulia kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Alianguka kwenye changarawe akipiga kelele bila maneno.

Walikuwa na dumu moja la maji. Gervas alilishika kwanza.

"Shemeji, tukiyatia humu gari litawaka. Tutamfikisha hospitali upesi."

"Injini bado ya moto. Maji ya baridi yataipasua, halafu tutakuwa hatuna gari wala maji. Lete hapa."

Gervas alisita. Aliutazama mlima, akamtazama Hamudi, kisha akampa. Veridiana alimimina maji polepole juu ya mkono ulioungua, tena na tena, kijito chembamba, hadi meno ya Hamudi yakaacha kugongana. Akaufunika mkono kwa upande mmoja safi wa khanga yake. Maji yaliyobaki hayakufika hata robo ya dumu.

Jua la Oktoba liliwaka juu ya miyombo isiyo na majani. Walimpumzisha Hamudi chini ya gari, kwenye kivuli pekee kilichokuwapo, wakimpa funda kwa funda. Kufikia alasiri dumu lilikuwa tupu na midomo yake imepasuka. Alianza kuwataja watu wasiokuwapo.

"Juu hakuna maji," Gervas alisema. "Tushuke tulikotoka."

"Hawezi kutembea hadi huko." Veridiana alikuwa ameinama kando ya njia. "Njoo uone nyayo hizi. Zinazoshuka ni nyepesi. Zinazopanda zimezama visiginoni. Hawa wamebeba kitu kizito kichwani. Ni njia ya kisimani hii. Nimeipita ya namna hii utoto wangu wote."

Walimkokota Hamudi katikati yao, wakizifuata nyayo kuteremka. Hawakwenda mbali. Kwenye kona waliwakuta wanawake wanapanda kwa mstari, ndoo vichwani, majani yakielea juu ya maji ili yasimwagike. Aliyetangulia aliitwa Zena.

"Shikamoo, mama," Hamudi alinong'ona, ingawa Zena alikuwa mdogo kwake.

Zena hakucheka. Alitua ndoo, akamnywesha kwa kata. Kisha akasikiliza habari ya gari.

"Hilo gari linakunywa kiasi gani?"

Gervas alizihesabu ndoo kwa macho. Wanawake wakatazamana. Maji yale waliyafuata tangu alfajiri, na nyumbani walisubiriwa. Zena alijitwika tena ndoo, akageukia kwenye gari, na wengine wakamfuata.

Injini ilikuwa imepoa. Gervas alifungua koki ya chini ya rejeta. Kilichotoka hakikuwa maji. Ulikuwa uji wa kahawia, wenye mapande kama mlenda uliolala, na chembe za kutu.

"Zimegombana humo ndani," Gervas alisema. "Nyekundu na kijani. Hiyo ndiyo imeziba."

Ndoo ya kwanza iliingia juu ikatoka chini, chafu, ikanywewa na vumbi. Ya pili hivyo hivyo. Hamudi, ameegemea gurudumu, aliyaona maji yakipotea ardhini na wanawake wakiyatazama. Hapo ndipo alipolia. Maumivu ya mkono hayakuwa yamemliza.

Ndoo ya tatu ilitoka karibu safi. Gervas akafunga koki, wakajaza.

"Shusheni mizigo yote," Hamudi alisema.

"Sukari itaibwa."

"Ishusheni. Pakieni ndoo zilizobaki, na wenyewe wapande."

Gervas aliendesha kwa gia ya kwanza, hita imefunguliwa hadi mwisho ili ifyonze joto la injini, jasho likiwatiririka. Walisimama mara nyingi. Jua lilikuwa linagusa mikorosho walipoingia Newala.

Mkono ulipona, ukabaki na ngozi inayong'aa. Fundi aliisafisha rejeta siku nzima, akabadilisha mipira na kifuniko, na Hamudi akangoja hadi ilipopatikana kulanti ya aina moja, ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Aliichanganya na maji ya mvua. Watu walimwona anapoteza muda.

Asubuhi ya kwanza barabarani hakwenda dukani. Alipakia mapipa matupu nyuma ya gari ili awarudishie akina Zena maji yao, akashuka hadi kisimani, akapanga foleni nyuma ya wanawake.

"Ungemtuma mtu," Zena alisema.

"Nilitaka kujua ni mbali kiasi gani."

Zena alimtazama, akasogea kidogo, akampisha mahali pa kuweka pipa.