Michembe Juu ya Jiwe la Mtandao

Sogeeni karibu, ndugu zangu wa Ngulyati na wa popote pale. Kisa hiki ni cha nyumba moja tu, lakini kila mmoja ajipapase, huenda na kwake kipo.

Nyuma ya nyumba ya Nyanjige, mke wa Mwandu, kuna jiwe kubwa, bapa, lenye joto tangu asubuhi. Miaka yote alilitumia kuanikia michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa vibichi kwa ajili ya miezi ya njaa. Siku moja mwanawe Keneth alipanda juu yake na simu mkononi, akapiga kelele kumwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu, njoo! Huku mtandao unashika!" Upande wao ule, simu zilikuwa hazina kazi zaidi ya kumulikia tu.

Basi jiwe likawa darasa. Shule ya kina Keneth haikuwa na walimu wa hesabu wala sayansi. Mwalimu mmoja wa Bariadi mjini, Marcelo, alijitolea kuwafundisha vijana wa kidato cha nne kupitia kundi la WhatsApp. Anatuma masomo kwa sauti, anatuma picha za maswali, wao wanajibu. Kila jioni Keneth alikaa juu ya jiwe na simu mpya; dume zima la ng'ombe lilikwenda mnadani kwa ajili ya simu ile. Pembeni yake alikaa Goodness, binti wa jirani yao Flora, na simu ya marehemu baba yake, kioo kimepasuka hadi inabidi ainamishe kichwa ndipo asome. Wanabishana, wanacheka, wanachora kwa mkaa juu ya jiwe. Nyanjige aliwapelekea karanga, akajiona mama wa wasomi wawili. Raha iliyoje!

Raha hiyo iliharibika matokeo ya mock, mtihani wa majaribio, yalipotoka. Keneth alifaulu vizuri, mama yake akapiga vigelegele. Kumbe Goodness aliwashinda wote. Kesho yake wanawake walikuwa kwenye foleni ya kupima pamba, na habari ilikuwa ni hiyo hiyo.

"Mama Goodness, hongera! Bila baba, bila simu ya maana, mtoto kawabwaga wote!"

"Huyo ndiye daktari wetu, jamani!"

Mmoja wao akamgeukia Nyanjige, tena kwa nia njema kabisa. "Na wewe Mama Keneth, hongera kwa kutupa jiwe."

Hongera ya jiwe! Nyanjige alitabasamu kwa meno tu, moyoni akihesabu. Jiwe langu, dume langu limekwenda, halafu sifa zote za Flora? Ule ulikuwa wivu, ndugu zangu, ulimwingia palepale kwenye foleni. Yeye aliuita uchungu wa mwana.

Asubuhi aliamka na kisu. Akamenya viazi, akakata, akaanika. Akaenda shambani akachimba vingine. Hadi jua linageuka, jiwe lote lilikuwa jeupe kwa michembe, isipokuwa kona moja ya kumtosha mtu mmoja. Kabla ya hapo alikuwa amechukua fagio na maji akasugua michoro yote ya mkaa, akisonya, "Wamenichafulia jiwe hawa."

Jioni Goodness akaja. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Unapanda wapi na miguu hiyo?"

"Mwalimu anaanza sasa hivi, mama."

"Chakula cha watu kikanyagwe kwa ajili ya simu? Katafuteni jiwe lingine."

"Mengine hayashiki, mama."

"Basi mwambie mama yako ajenge mnara."

Keneth aliinuka. "Mayu, mwache tu akae, mimi huwa..."

"Wewe nyamaza! Simu yako na yake ipi nzuri? Kaa pale konani usome."

Keneth akakaa. Goodness aliaga kwa adabu, akaondoka.

Michembe hukauka haraka, sote tunajua. Ile ya Nyanjige ilikauka, ikakauka tena, na kabla haijatolewa nyingine ikaletwa. Mwandu mwenyewe alishangaa. "Mke wangu, tunalisha jeshi?" Akajibiwa akae na ng'ombe wake. Flora naye alikuja, akasimama uani. "Mama Keneth, kama tumekukosea, niambie niombe radhi."

"Hamjanikosea. Naanika."

Tangu hapo Goodness alikuwa akitembea kila jioni hadi karibu na zahanati, barabarani, ambako mtandao unashika, akikaa na wasichana wengine wawili. Nyanjige alimwona akipita, viatu mkononi asivichakaze, akajisikia vizuri. Tusidanganyane, wivu una utamu wake. Akigeuka, alimwona Keneth konani kwake, macho kwenye simu, anacheka peke yake. "Hesabu zimemkolea mwanangu," alimwambia Mwandu, "mpaka anazicheka!"

Masikini mama wa watu! Vilikuwa vichekesho.

Januari matokeo ya kidato cha nne yakatoka, nayo husomwa mtandaoni. Pa karibu pa kuyasomea ni palepale juu ya jiwe. Nyanjige alivaa kitenge chake cha kanisani. Akamwona Flora na binti yake wamesimama mbali, akawaita kwa sauti ya majirani wote kusikia, "Pandeni, Mama Goodness! Leo hakuna michembe!" Alitaka Flora awepo. Alitaka amwone akinywea.

Goodness alifungua simu yake ile iliyopasuka. Divisheni wani. Flora akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Haya, na wa kwangu!" Nyanjige akasema.

Keneth hakuandika namba mwenyewe, akampa Goodness simu yake. Goodness aliandika namba, akatazama, akailaza simu kifudifudi juu ya jiwe. "Mtandao umekata, mama," akasema taratibu.

Nyanjige aliinyakua. Mtandao haukuwa umekata. Ilikuwa divisheni ziro.

"Imekosea! Simu hii imekosea!"

"Haijakosea, mayu." Keneth alisema huku akitazama miguu yake. "Mwalimu nilikuwa simwelewi, anakwenda mbio. Goodness ndiye alikuwa anaisimamisha sauti, ananichorea kwa mkaa mpaka naelewa. Ulipomfukuza, nilibaki na simu tu."

Nyanjige alitazama mahali alipopasugua. Kwa wivu wake alikuwa amesugua akili ya mwanawe mwenyewe, kwa fagio lake, kwa maji yake ya kuteka. Akakaa chini na kitenge chake cha kanisani, akalia mbele ya wote.

Flora hakumcheka. Alimwinua kwa mkono. "Jiwe ni lako, Mama Keneth. Lakini ungeniuliza tu watoto wanafanya nini pale."

Keneth akajiandikisha kurudia mtihani. Goodness, akisubiri kidato cha tano, alirudi juu ya jiwe na kipande cha mkaa, bila kuombwa mara mbili. Siku ya kwanza Nyanjige aliwachemshia michembe kwa karanga, ile ile ya hila, maana ilijaa kwenye kihenge. Goodness alikula, akashukuru. Nyanjige alitia mmoja mdomoni, akautema, akawasogezea watoto bakuli lote. Goodness alipoondoka kwenda shule, Nyanjige alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wazazi wawalete watoto wao juu ya jiwe lake, na wengi walimuuliza kwanza kama michembe imeshaanuliwa.

Funzo

Ndugu zangu, simu tunanunua na mtandao tunautafuta hadi juu ya mawe, lakini elimu bado inapita kwa mtu kwenda kwa mtu. Simu nzuri haikai na mtoto wako kumfafanulia asichoelewa. Mwenzake ndiye humfafanulia. Mtoto wa jirani akifaulu, usimfungie njia, mkaribishe na umpe karanga. Nanyi vijana, msipoelewa semeni mapema, msijifiche nyuma ya vichekesho. Na wewe mzazi unayesikia sifa za mtoto wa mwenzio zikikuchoma, weka kisu chini, viache viazi shambani, uende kwanza ukamuulize mwanao nani anamfundisha.